Kinyumenyume hadi kwa Simba

Daftari langu la siku zile lina kurasa tatu tu kuhusu safari hiyo, na moja ilimwagikiwa chai. Kwa hiyo mengi nitakayoandika yanatoka kichwani, na kichwa changu mimi mwenyewe sikiamini sana. Niliishia darasa la saba. Pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika, ili nisimwonee mtu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mwezi wa nane, shule zimefungwa. Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, huku Lurambi, kilitaka kusafiri mahali. Wengine walisema twende Mombasa tukaone bahari, wengine wakasema twende ile mbuga ya upande wa Narok ambayo watu hutoka ng'ambo kuja kuona simba wake, na sisi majirani hatujaiona. Tukainua mikono. Simba wakashinda kwa kuzidi mikono miwili. Mkono mmoja ulikuwa wangu, na niliuinua kwa ajili ya mama yangu.

Mama alikuwa akikaa Shianda kwa kaka yangu. Macho yake yalikuwa yanakwisha. Daktari wa macho alisema ni presha ya ndani ya jicho: la kushoto limeshakufa, la kulia linafuata, huenda mwaka, huenda miezi. Mama alisikiliza, akafunga leso yake, akauliza kama anaweza kwenda nyumbani.

Huyu mama ndiye aliyewalea watoto wote wa boma letu kwa hadithi. Jioni, obusuma, ugali wetu, ukiwa jikoni, alikuwa akisimulia, na katika hadithi zake simba hakosi. Simba mjinga, mwenye kelele, anayedanganywa na sungura kila siku na hajifunzi. Ilipofika zamu ya simba kunguruma, mama aliingiza mdomo ndani ya chungu kitupu cha maji na kunguruma humo. Sauti ilitoka hata sisi wakubwa tuliojua ni chungu tulirudi nyuma. Basi mwaka huo mjukuu mmoja akamuuliza, "Kukhu, wewe umeonanga simba?"

Akasema hapana. Nadhani ni hilo tu lililomkaa rohoni. Nilipomtembelea aliniambia, "Nimewapikia watoto wa watu miaka yote chakula ambacho mimi mwenyewe sijaonja." Hakusema nimpeleke, mama hakuwa mtu wa kuomba. Alisema hivyo tu, akaendelea kuchambua maharagwe kwa vidole, maana kwa macho hakuweza tena.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu, kwa sababu bila hilo mtu hataelewa. Kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono. Hawali wakionana. Wakikutana njiani, mmoja hupinda akaingia kwenye mahindi hadi mwenzake apite. Watu wa mjini wengi wameacha, na wachungaji wana maneno yao juu ya hiyo desturi. Lakini mama, pamoja na wokovu wake na kuimba kwake soprano, kwa hilo hakubanduka, na mume wangu vilevile. Tulikuwa tumeoana miaka kumi na minne. Mume wangu alikuwa hajamtazama mama usoni hata siku moja.

Asubuhi ya safari nilifika mapema na mama, kabla hakujapambazuka. Nilimketisha kiti cha mwisho kabisa cha lile basi la shule tulilokodi, upande wa dirisha, nikamfunika leso, akasinzia. Akina mama wakaja na vikapu vyao. Dereva hakuja. Baadaye tukasikia malaria imemlaza. Mwenyekiti wetu, mama mwenye sauti na akili za haraka, alituma mtu mbio kwangu nyumbani, kwa sababu alijua mume wangu anaendesha lori la miwa na wiki hiyo yuko likizo. Simlaumu mwenyekiti. Aliona dereva, hakuona mkwe.

Nilikuwa nje ninapanga vikapu nilipomwona baba wa watoto anakuja, koti begani, anapanda mbele.

Nimefikiria dakika hiyo mara nyingi. Ningemwambia mama, angeshuka. Ningemwambia mume wangu ukweli wote, angeshuka yeye, na akina mama thelathini wangerudi nyumbani na vikapu vyao. Nikaenda kwenye dirisha lake.

"Mama yuko nyuma," nikamwambia.

"Nyuma wapi?"

"Kiti cha mwisho."

Mikono yake ilikuwa kwenye usukani, naye aliitazama kama ya mtu mwingine. "Na yeye anajua ni mimi?"

"Anajua."

Nilidanganya. Sikuchukua hata muda wa kumeza mate. Mume wangu alikishika kile kioo cha ndani, cha kuangalia abiria, akakigeuza kikatazama dari. Kisha akawasha gari.

Mama aliamka tukiwa tumepita Kisumu. Nilikuwa nimempa kiazi kitamu na kikombe cha chai. Karibu na Ahero ng'ombe walivuka barabara, mume wangu akapunguza mwendo na akakohoa, kile kikohozi chake kikavu cha vumbi la miwa. Mkono wa mama ulisimama.

"Huyo anayeendesha ni mkwe wangu," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, mama."

Alirudisha kiazi kwenye kikapu. Alinipa kikombe kikiwa kimejaa. Akajifunika leso kichwa chote hadi kidevu, akageukia dirisha. Baada ya muda mrefu akasema chini ya leso, "Umenipakia kama mzigo."

Nikamwambia tukifika Kericho ninaweza kumshusha, tutafute gari la kurudi, nirudi naye.

"Na wewe ukarudi, watasema mama yako ameharibu safari ya kanisa." Akafikiri. "Na haya macho yatangoja safari gani nyingine? Nyamaza tu. Tuende."

Basi tukaenda. Kericho, Sotik, Bomet. Sijui kama wasomaji wamewahi kukaa kiti cha nyuma cha basi la shule siku nzima. Kila shimo linakurusha, kila vumbi linakutafuta wewe. Miguu yangu ilivimba. Akina mama waliimba hadi Kericho, baadaye wakachoka hata wao. Mama hakula, hakunywa. Mume wangu naye hakula, maana alijua nyuma yake kuna nani, na kutafuna kungeonekana hata kwa mgongo. Tuliposimama, yeye alienda upande huu wa barabara na mimi na mama tukaenda ule mwingine, tukingoja ishara ya mwenyekiti kwamba njia ni nyeupe.

Wenzangu walijaribu kumchangamsha. Mwenyekiti alipaza sauti, "Mama, kula tu! Dereva anaangalia barabara!"

Mama mmoja mnene aliyekaa katikati akadakia, "Akikuangalia wewe tutaingia mtaroni sote tufe. Kwa hiyo hawezi. Kula, mama!"

Basi zima likacheka. Mama chini ya leso alitikisika kidogo. Nadhani alicheka, lakini huenda lilikuwa shimo.

Narok tulilala katika madarasa ya shule moja, na mume wangu alilala ndani ya basi. Hapo ndipo mama alipokula, ugali wa baridi na sukuma, akiwa amegeukia ubao. Alikula kama mtu anayetimiza kazi. Hakuniambia neno la hasira, na hilo lilinichosha kuliko barabara.

Siku ya pili tukaingia mbugani. Langoni alipanda askari wa wanyama, Mmaasai wa makamo, mpole, mwenye koti la kijani lililofifia. Akasema: hakuna kushuka, hakuna kupiga kelele, hakuna kutupa ganda la ndizi. Akakaa kwenye ngazi karibu na dereva.

Niseme haki, mbuga ni nzuri. Nimesikia watu wakirudi na kusema walilia. Mimi nilikuwa nimechoka mno kulia. Nyumbu walikuwa wengi kama mchanga wa mto, nao walitembea tu, vichwa chini, kama watu wanaotoka kwenye mazishi ya mbali. Mama alifunua jicho moja akauliza, "Zile ni ng'ombe?"

"Nyumbu."

"Nani anakamua hao wote?"

Jicho lake la kulia bado lilifanya kazi jua likiwa kali, mradi kitu kiwe karibu na kiwe mbele yake kabisa. Kikiwa pembeni hakioni. Nilikuwa najua hivyo. Nilihesabu saa zilizobaki za jua, nikaomba. Tulizunguka asubuhi yote, tukaona twiga, tukaona fisi, tukaona magari madogo ya watalii yakitupita na kutufukiza vumbi. Simba hakuna. Saa nane mchana akina mama wengine walikuwa wamelala midomo wazi. Nikaanza kujiambia kwamba nimedanganya watu wawili kwa ajili ya nyumbu.

Kisha askari akainua mkono. Basi likasimama.

Barabara ilikuwa imekatika mbele yetu, daraja dogo limesombwa na maji, na kwenye ukingo wa mtaro uliobaki, upande wa kulia wa dereva, chini ya kichaka, simba walikuwa wamelala. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Mimi sikuona, kwa sababu akina mama thelathini waliinuka kwa mara moja wakajaa mbele, wengine magoti juu ya viti, wakinong'ona "Yesu wangu, Yesu wangu." Nyuma tulibaki wawili.

Mama alikuwa ameketi wima. "Ninaona matako ya watu tu," akasema.

Basi halikuweza kwenda mbele, na mama hakuweza kwenda mbele. Kufika pale ingebidi asimame begani pa mkwe wake, magoti karibu yamguse. Mwenyekiti alielewa haraka, ndiyo sababu nasema simlaumu. Alinong'ona kwa nguvu, "Tumfunike dereva leso! Kichwa chote!" Na kabla hajamaliza, mama mnene alikuwa ameshavua yake. Mume wangu hakukataa. Aliinamisha kichwa kama mtu anayenyolewa.

Mama akanishika mkono. "Mwambie hapana. Si macho tu. Nipite mgongoni pa mkwe wangu kwa sababu ya mnyama? Nikirudi Shianda nitaanzia wapi kusimulia?"

Nikapeleka ujumbe mbele. Watu waliona haya, na wengine, najua, walichoka nasi. Mmoja alisema, "Huyu mzee angebaki tu nyumbani," naye alikuwa na haki yake, maana yeye pia alikuwa ametoka mbali.

Ndipo mume wangu akasema. Hakugeuka. Alisema na kioo cha mbele, kama tunavyofanya, neno lipite kwa mtu mwingine: "Waambieni watu wa nyuma wakae vizuri. Nitawapeleka kinyumenyume."

Askari akatikisa kichwa. "Hapana, mzee. Basi kubwa hivi? Kuna matope kando."

"Nina mtu nyuma."

"Mtu gani?"

Mwenyekiti akamweleza. Nilitarajia atacheka. Aliangalia ile leso, akaangalia kioo kilichotazama dari. "Ni mama mkwe?" akauliza. "Hata kwetu iko hiyo." Akakuna shavu. "Polepole. Na kimya. Hakuna kupiga kelele hata kidogo."

Mume wangu alirudisha leso, na askari akichungulia mlangoni kumwelekeza, akarudi hadi mahali palipopanuka, akageuza basi, kisha akaanza kurudi kinyumenyume kule kwa simba. Kioo cha ndani hakukigusa. Vile vya pembeni vilikuwa vimefungwa kwa waya, vinatetemeka, havionyeshi ila vumbi. Kugeuza shingo atazame nyuma hakuweza, na karibu na simba askari alikuwa amefunga mlango. Kwa hiyo alihitaji macho ya mtu, na kupiga kelele kulikatazwa.

Hapo nilikumbuka kule wanakopakia miwa, nilikokuwa nikimpelekea chakula. Lori likirudi nyuma, wapakiaji hugonga bodi kwa kiganja: moja, leta; mbili, simama. Nikamwambia aliye mbele yangu, naye akamwambia wa mbele yake. Mimi nikapiga magoti juu ya kiti, uso kwenye kioo cha nyuma, macho chini kwenye tairi na ukingo wa barabara. Nilimgonga bega aliye karibu, naye akamgonga mwenzake, hivyo hivyo bega kwa bega hadi kwa mwenyekiti, aliyegonga kiti cha dereva. Moja. Moja. Moja. Akina mama wa kanisa, kimya kuliko walivyowahi kuwa kanisani.

Kosa ambalo sikulifikiria ni kwamba pigo linachukua muda kupita mabega kumi. Nilipogonga mbili, basi lilikuwa bado linapokea moja za zamani. Likaja. Likaendelea kuja. Nikagonga mbili, mbili, mbili. Tairi la nyuma likateremka ukingoni kwa kishindo, basi likainama, likasimama. Nilisikia askari mbele akisema neno kwa lugha yake.

Nadhani tulikuwa karibu sana. Sijui hatua ngapi. Nilikuwa natazama tairi limezama kiasi gani, nikiwaza jinsi watu thelathini watakavyoliwa kwa sababu yangu. Pembeni mwa jicho nilimwona mama. Alikuwa ameweka uso kwenye kioo. Pumzi yake ilikifanya kioo kiwe na ukungu, akaupangusa, ukarudi. Basi akavua leso kichwani, yote, akapangusia kioo nayo. Alikaa pale kichwa wazi, mvi zake nje, ndani ya basi moja na mkwe wake, kama amesahau.

Alitazama. Dakika mbili, tatu. Kisha akina mama wakaanza kunong'ona, "Anaamka, anaamka," nami nikainua kichwa. Niliona nyasi zinatikisika. Niliona kitu cha rangi ya nyasi kinaondoka. Huenda ulikuwa mkia.

Mume wangu alitia gia, basi likalia, likateleza, na mara ya tatu likapanda barabarani. Mama alikuwa amekwisha kujifunika tena.

Tulipokaribia lango nikamuuliza, "Umeona?"

"Nimeona."

"Yukoje?"

"Amechoka," akasema. "Ana nywele shingoni, chafu. Nzi wanamla macho na hawafukuzi. Sikio moja limeraruka. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa kwa habari zisizomhusu."

Mwenyekiti, aliyekuwa amesogea kusikiliza, akasema, "Nywele? Mama, wale walikuwa majike wawili. Hawakuwa na nywele." Mama mnene akaapa yeye ameona nywele. Basi likagawanyika, nusu nywele, nusu bila, wakabishana hadi Narok. Mimi nilimuuliza askari kabla hajashuka langoni. Alisema, "Mimi niliona majike wawili. Dume sikumwona." Halafu akaongeza, kwa haki, "Lakini mimi nilikuwa mbele."

Kwa hiyo sijui. Daktari alisema jicho likifikia hapo, mtu hujazia mwenyewe asichokiona. Tena inawezekana dume alilala upande ule ambao aliye nyuma tu angeuona. Katika daftari niliandika, "Mama ameona simba." Siku chache baadaye nikaongeza neno juu ya mstari: "anasema."

Nyumbani mume wangu hakuuliza kwa siku mbili. Siku ya tatu, akivua viatu, akasema, "Uliniambia anajua."

"Nilidanganya."

Alikaa na kiatu kimoja mkononi. "Ungeniambia, ningekataa," akasema. Akafikiri tena. "Kwa hiyo sijui nikasirike vipi." Mwisho wa mwezi alinunua blanketi zito, akaenda nalo Shianda, akaliacha kwa kaka yangu langoni bila kuingia, kama inavyompasa mtu aliyemkaribia mama mkwe kupita kiasi. Mama alilipokea. Mimi sikutumiwa salamu hadi Krismasi, na sikuona kwamba nimeonewa.

Mwaka uliofuata jicho la kulia likazima. Hadithi hakuacha. Nilienda jioni moja nikamkuta jikoni, watoto wamemzunguka, na zamu ya simba ikafika. Mmoja alimsogezea chungu. Mama akakipapasa, akakiweka kando.

"Simba halii hivyo," akasema. "Simba amelala. Nzi wanamla macho. Sungura anapita na maneno yake yote, simba anamtazama tu, anageukia upande wa pili."

Watoto walilalamika. "Kukhu, nguruma! Hiyo si tamu!"

"Si tamu," akakubali. "Lakini ndivyo alivyo."

Na kweli haikuwa tamu. Ile ya chungu ilikuwa nzuri zaidi, hata mimi niliikosa. Wengine waliondoka kabla haijaisha. Mama aliendelea kuisimulia hivyo hivyo hadi mwisho wake, kwa yeyote aliyebaki.

Siku hizi wajukuu ni wangu, nao huniuliza mimi, kwa kuwa wamesikia nilienda. Ninawaambia kukhu wao mkubwa alisema simba ana sikio lililoraruka. Wakisema, na wewe uliona nini, nawaambia ukweli: mimi nilikuwa naangalia tairi.